Strimu zako na shilingi zako: mwongozo kamili wa kukokotoa na kufuatilia mrabaha wa muziki mtandaoni

"Spotify wanalipa shilingi ngapi kwa strimu moja?" Swali hili halina jibu, kwa sababu strimu haina bei. Zile takwimu zinazozunguka mitandaoni, dola 0.003 hadi 0.005, ni hesabu ya nyuma: mtu amechukua fedha alizolipwa, akazigawa kwa idadi ya strimu zake, akapata wastani wake yeye. Wasikilizaji wako wakiwa Mbagala na Kayole, wastani wako hautafanana na wa mtu anayesikilizwa Stockholm, hata kama wimbo umegonga idadi ileile.

Mwongozo huu unaeleza fedha inatoka wapi, inagawanywaje, wewe unatakiwa kujisajili wapi ili ikufikie, na namna ya kusoma ripoti ukajua kama umelipwa sawasawa.

Kinachohesabiwa kuwa strimu

Spotify huhesabu strimu msikilizaji akifikisha sekunde 30. Akiruka wimbo kwenye sekunde ya 25, hakuna kitu. Ndiyo maana utangulizi wa dakika nzima wa ala tupu ni ghali siku hizi: msikilizaji asiyekujua anaondoka kabla hujahesabiwa.

Kuna sharti la pili ambalo wasanii wengi wachanga hawalijui. Tangu mwaka 2024, wimbo usiofikisha strimu 1,000 ndani ya miezi 12 iliyopita hauzalishi mrabaha wa rekodi Spotify. Zaidi ya hizo strimu 1,000, kuna kiwango cha chini cha wasikilizaji tofauti ambacho Spotify hawakitangazi, ili watu wasichezeshe wimbo mmoja kwenye simu tatu usiku kucha. Kipimo ni cha kila wimbo peke yake. Albamu ya nyimbo 14 yenye jumla ya strimu 9,000 inaweza kukulipa nyimbo mbili tu, zile zilizovuka, na nyingine 12 zikatoka sifuri. Sharti hili linagusa upande wa rekodi tu. Mrabaha wa utunzi, yaani wa mashairi na melodia, unaendelea kama kawaida.

Kapu la fedha na mgawo wake

Majukwaa mengi makubwa hutumia mfumo wa kapu. Kila mwezi, katika kila nchi na kila aina ya kifurushi, jukwaa hukusanya mapato, hutoa kodi na gharama fulani, kisha sehemu ya wenye haki huingia kapuni. Kwa Spotify, sehemu hiyo ni takriban theluthi mbili ya mapato, rekodi na utunzi kwa pamoja. Kapu hugawanywa kulingana na uwiano: strimu zako ni asilimia ngapi ya strimu zote za nchi ile na kifurushi kile kwa mwezi ule. Hiyo asilimia ndiyo unayolipwa.

Tuchukue mfano wenye namba za kubuni, ila zenye uwiano halisi. Nchi ina watu 100,000 wanaolipia, na kila mmoja anabakiza shilingi 300 za Kenya kwa mwezi baada ya kodi. Mapato ni milioni 30. Theluthi mbili ni milioni 20. Kati ya hizo, milioni 16 ni za rekodi na milioni 4 za utunzi. Sasa angalia watu wale wanasikiliza kiasi gani:

Kila mtu akisikiliza nyimbo 400 kwa mwezi, jumla ni strimu milioni 40. Gawa milioni 16 kwa milioni 40: senti 40 kwa strimu upande wa rekodi.

Kila mtu akisikiliza nyimbo 800, jumla ni milioni 80, na strimu ileile inashuka hadi senti 20.

Hakuna aliyekuibia. Watu wamelipa kiasi kilekile, wakasikiliza mara mbili zaidi. Hapa ndipo lilipo jibu la lile lalamiko la "mwezi huu nimepata strimu nyingi kuliko mwezi uliopita lakini hela imepungua". Kama wewe umeongezeka kwa asilimia 10 na jukwaa zima limeongezeka kwa 25, mgawo wako umeshuka.

Kapu la wasiolipia liko pembeni, nalo linajazwa na matangazo. Katika nchi hiyohiyo, tuseme matangazo yameleta milioni 3. Kwa uwiano uleule, rekodi zinapata milioni 1.6. Wasiolipia wakiwa na strimu milioni 40, kila strimu ni senti 4. Mara kumi chini ya anayelipia, kwa wimbo uleule, mtaa uleule.

Kutokana na hapo, mambo matatu ndiyo yanayoamua thamani ya strimu yako: nchi ya msikilizaji, kama analipia au la, na jukwaa lenyewe. Apple Music, ambao hawana kifurushi cha bure cha matangazo kama Spotify, waliwaandikia wasanii mwaka 2021 kwamba wastani wao ni takriban senti moja ya dola kwa kila wimbo unapochezwa na mteja anayelipia, rekodi na utunzi vikijumlishwa, na kwamba lebo zote hupata asilimia 52. Boomplay, Audiomack na Mdundo zina wasikilizaji wengi sana Afrika, lakini sehemu kubwa ya usikilizaji wa kwetu ni ya bure inayolipwa na matangazo, kwa hiyo tegemea namba ndefu na fedha fupi. Hilo si sababu ya kuzikimbia. Ndiko mashabiki waliko, na ndiko promota anakoangalia kabla ya kukupigia simu ya shoo.

Wasikilizaji wa diaspora ndio wanaosahaulika. Kifurushi cha mtu mmoja Marekani kinazidi dola 10 kwa mwezi. Kenya na Tanzania ni sehemu ndogo ya hiyo. Shabiki wako wa Muscat, Leicester au Minneapolis anayelipia anaweza kukuingizia kuliko mashabiki kadhaa wa nyumbani wanaosikiliza bure. Ukiwa na bajeti ndogo ya kutangaza wimbo, fikiria hilo kabla ya kuimwaga yote kwenye mji mmoja.

Wimbo mmoja, haki mbili, milango minne

Kila wimbo una haki ya rekodi, ambayo studio wanaiita masta, na haki ya utunzi, yaani mashairi na melodia. Strimu moja huzalisha fedha za pande zote mbili, lakini zinapita njia tofauti kabisa. Ukijisajili mlango mmoja tu, mingine inabaki imefungwa.

Mlango wa kwanza ni msambazaji wa kidijitali, yaani kampuni inayopeleka wimbo wako kwenye majukwaa. Huyu analeta fedha za masta tu kutoka Spotify, Apple Music, Boomplay na wengine. Wasanii wengi wa Afrika Mashariki wana mlango huu peke yake.

Wa pili ni chama cha makusanyo cha watunzi, kinacholeta mrabaha wa utunzi kuchezwa hadharani, redioni na mitandaoni.

Wa tatu ni mrabaha wa kunakili utunzi, unaoitwa mechanical kwa Kiingereza. Kwa strimu za Marekani unakusanywa na The MLC, taasisi iliyoanza kazi hiyo Januari 2021. Kwingineko unaupata kupitia msimamizi wa haki za utunzi, yaani kampuni inayosajili na kukukusanyia fedha za utunzi, au vyama vya nchi husika.

Wa nne ni SoundExchange, kwa redio za kidijitali za Marekani kama SiriusXM na Pandora, ambapo msikilizaji hachagui wimbo. Hawana uhusiano na strimu zako za Spotify. Mgawo wao umepangwa kisheria: asilimia 50 kwa mwenye masta, 45 kwa msanii mkuu, 5 kwa wapiga vyombo na waitikiaji. Ukimiliki masta zako, jisajili kwa nafasi zote mbili, ya mmiliki na ya msanii. Ukijaza moja tu, karibu nusu ya fedha haitakufikia.

Hatua ya 1: Karatasi ya mgawo, kabla watu hawajatoka studio

Andika karatasi mbili za asilimia, kila moja ikijumlisha 100: moja ya masta, moja ya utunzi. Usizichanganye. Prodyuza aliyelipwa fedha ya kipindi cha kurekodi anaweza kukosa asilimia kwenye masta lakini akawa na haki ya utunzi kwa sababu ametunga melodia ya ala. Aliyekuja kuweka mstari mmoja wa kolabo anaweza kuwa na asilimia 10 ya utunzi na 15 ya masta. Ni makubaliano yenu, mradi yameandikwa.

Kila mtu aandike jina lake kamili la kisheria, jina la kisanii, namba ya simu, chama chake cha makusanyo, na namba ya IPI kama anayo. IPI ni utambulisho wa mtunzi duniani, na hupatikana ukijiunga na chama. Wekeni sahihi, pigeni picha, mtumiane papo hapo kwenye WhatsApp ili tarehe ibaki. Mazungumzo haya ni mepesi wimbo ukiwa hauna kitu. Ukishafika milioni, kila mtu anakumbuka ameandika kibwagizo.

Kagua biti pia, yaani ala ya wimbo. Ya kukodi mtandaoni mara nyingi ina kikomo cha strimu kilichoandikwa kwenye leseni, na haikupi haki ya kipekee. Mtu mwingine anaweza kuwa ameshaikodi, jambo litakalokusumbua ukifika YouTube.

Hatua ya 2: Taarifa za wimbo

Fedha mitandaoni hufuata namba. Muhimu zaidi ni ISRC, yenye herufi na tarakimu 12: mbili za mwanzo kwa kawaida ni nchi, tatu ni msajiliwa, mbili ni mwaka, tano ni namba ya rekodi. Msambazaji anakupa bure, na usishangae ikianza na QZ badala ya KE au TZ. Ni kwa sababu yeye amesajiliwa Marekani. Haibadilishi umiliki wako. Utunzi nao una namba yake, ISWC, inayoanza na T, ambayo hutoka kwenye vyama vya watunzi.

Fungua jedwali la Excel na uweke, kwa kila wimbo: jina kama lilivyoandikwa kwa msambazaji, ISRC, ISWC, UPC ya toleo (namba ya utambulisho wa singo au albamu nzima), tarehe ya kutoka, watunzi na asilimia zao. Jedwali hili ndilo utakalolitumia hatua zote zinazofuata.

Andaa faili la WAV la angalau 16-bit na kHz 44.1, na jalada la mraba la pikseli 3000 kwa 3000. Jina la msanii mwalikwa liende kwenye nafasi yake, si ndani ya jina la wimbo. Usiandike "video rasmi" wala mwaka kwenye jina la wimbo. Sehemu ya mtunzi weka majina ya kisheria, kwa sababu mifumo ya utunzi hulinganisha majina hayo. "Dogo Fulani" hapatikani popote.

Kama jina lako la kisanii ni la kawaida, wimbo unaweza kuangukia kwenye ukurasa wa msanii mwingine wa jina hilohilo, na strimu za wiki ya kwanza zikamnenepesha yeye. Mpe msambazaji kiungo cha ukurasa wako wa Spotify na wa Apple wakati wa kupakia, usisubiri kurekebisha baadaye.

Pakia wiki tatu hadi nne kabla. Kupendekeza wimbo kwa wahariri kupitia Spotify for Artists, dashibodi ya Spotify ya wasanii, kunawezekana tu kabla haujatoka, na ukifanya hivyo angalau siku saba kabla, wimbo huingia moja kwa moja kwenye orodha ya matoleo mapya ya wanaokufuata.

Hatua ya 3: Kuchagua msambazaji

Kuna wanaotoza ada ya mwaka na kukuachia mrabaha wote, kama DistroKid. Kuna wanaotoza mara moja kwa toleo na kukata asilimia, kama CD Baby wanaokata 9. Na kuna wale wa mkataba, mara nyingi wenye ofisi au mawakala hapa kwetu, wanaokata 15 hadi 30 au zaidi lakini wanakupa malipo ya awali au kazi ya kukutangaza.

Hesabu ni rahisi. Ada ya dola 25 kwa mwaka dhidi ya kamisheni ya asilimia 15: vinalingana ukiingiza dola 167 kwa mwaka. Chini ya hapo, kamisheni ni nafuu. Juu ya hapo, ada ni nafuu. Lakini kwa wa ada ya mwaka, uliza kabla: nisipolipa mwakani, nyimbo zinashushwa? Baadhi hushusha, labda ulipie nyongeza ya kuziacha moja kwa moja. Wasanii hupoteza nyimbo za zamani kwa kadi ya benki iliyoisha muda.

Kwa wa mkataba, soma mistari hii kwanza: muda wa mkataba, kama unajirudia wenyewe na notisi ni ya siku ngapi, kama malipo ya awali yanakatwa kwenye sehemu yako tu au kwenye jumla, na kama wamejiwekea pia usimamizi wa utunzi bila kukwambia. Huo wa mwisho hujificha kwenye kipengele kimoja kifupi.

Chagua msambazaji mwenye mgawo wa moja kwa moja. Unaweka barua pepe za wenzako na asilimia zao za masta, na kila mtu analipwa kwake. Ugomvi mwingi wa "ulinificha ripoti" unaishia hapo.

Hatua ya 4: YouTube

YouTube ina vyanzo vitatu vya fedha vinavyochanganywa sana.

Cha kwanza ni chaneli yako. Kupata sehemu ya matangazo unahitaji wanaofuatilia 1,000, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa hadharani ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Ukishaingia, video ndefu hukupa asilimia 55 ya mapato ya matangazo. Malipo hutoka yakifika dola 100.

Cha pili ni wimbo ule wenye picha ya jalada tu, unaowekwa na msambazaji kwenye chaneli ya mada (Topic) yenye jina lako. Huo unaingia kwenye YouTube Music, na fedha yake inapitia kwa msambazaji.

Cha tatu ni Content ID: mfumo unaotambua sauti yako kwenye video za watu wengine, za harusi, za dansi, za vichekesho, na kuelekeza matangazo yake kwako. Kwa wimbo unaotamba mtaani, hapa panaweza kuzidi chaneli yako. Wasambazaji wengi hutoza nyongeza au hukata asilimia 20 hivi ya fedha hizi.

Matatizo mawili hujitokeza kila mara. Content ID inaidai video yako mwenyewe, na fedha zinahamia kwa msambazaji zikikatwa kabla ya kukufikia. Mwandikie msambazaji aiweke chaneli yako kwenye orodha ya kuruhusiwa. La pili ni biti ya kukodi. Wasanii watano wamekodi biti moja, mmoja ameiweka Content ID, na wanne waliobaki wanaamka na madai kwenye video zao. Anayekosea ni yule aliyeisajili, kwa sababu Content ID inataka sauti ambayo haki yake ni ya kwako peke yako. Kama huna haki ya kipekee ya biti, usibonyeze kisanduku hicho wakati wa kupakia.

Hatua ya 5: Kusajili utunzi

Usajili wa hakimiliki na ukusanyaji wa fedha ni vitu viwili. Tanzania, COSOTA ndiyo ofisi ya hakimiliki. Unasajili kazi huko, huku ukusanyaji ukifanywa na vyama vyenye leseni. Kenya, KECOBO ndio wasimamizi, nao hutoa leseni kwa vyama vya makusanyo. Majina yanayojulikana ni MCSK kwa watunzi, KAMP kwa wamiliki wa rekodi na PRISK kwa waimbaji na wapiga vyombo, lakini leseni zimekuwa na mivutano mpaka mahakamani, kwa hiyo uliza KECOBO nani ana leseni halali mwaka huu kabla ya kulipa ada yoyote. Uganda, chama cha watunzi ni UPRS.

Ukijiunga, sajili kila wimbo kwa jina, watunzi wote na asilimia zao. Kujiunga bila kusajili nyimbo ni kufungua akaunti ya benki na kuiacha tupu.

Kisha The MLC. Uanachama ni bure na huhitaji kuishi Marekani. Fungua akaunti kama mtunzi anayejisimamia, ingiza kila wimbo, na uambatanishe ISRC ya rekodi zake zote: ya kawaida, ya rimiksi, ya akustika. Bila ISRC, mfumo unajua wimbo upo lakini haujui strimu zipi ni zake. Ukubwa wa tatizo la fedha zisizo na mwenyewe ulionekana Februari 2021, majukwaa yalipokabidhi The MLC takriban dola milioni 424 za miaka ya nyuma ambazo hawakujua wamlipe nani.

Ukiwa na msimamizi wa haki za utunzi, mwachie yeye The MLC. Wewe ukisajili asilimia 100 na yeye akasajili 100, wimbo una madai ya asilimia 200, na fedha hushikiliwa mpaka mmoja ajiondoe.

Hatua ya 6: Fomu ya kodi na njia ya kupokea fedha

Wasambazaji wa Marekani na YouTube watakutaka ujaze W-8BEN kama ni mtu binafsi. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo sehemu ya mkataba iache wazi. Utakatwa asilimia 30, lakini kwa mapato yanayotokana na watazamaji au wasikilizaji wa Marekani tu. Usipojaza YouTube, wanaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yako yote ya dunia nzima. Namba ya kodi ya nchi yako ni KRA PIN au TIN. Jina kwenye fomu lifanane herufi kwa herufi na la akaunti ya benki. Fomu inadumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya mwaka uliosaini, kisha unajaza upya.

Kuhusu kupokea, hakikisha kwanza kwamba njia unayochagua inapokea fedha nchini kwako, kwani kuna akaunti zinazoruhusu kutuma tu. Kenya unaweza kutoa PayPal kwenda M-Pesa. Wengi wa Tanzania hutumia Payoneer au uhamisho wa benki. Usitoe dola 12 kila mwezi huku ada ya kutoa ikimeza robo yake. Subiri zifike kiasi ambacho ada ni chini ya asilimia 3.

Hatua ya 7: Kusoma ripoti

Pakua faili la CSV, lile la jedwali linalofunguka kwa Excel, usiishie kwenye dashibodi. Safu muhimu ni mwezi wa mauzo, jukwaa, nchi, wimbo, ISRC, idadi, asilimia yako na mapato. Mfano wa mistari mitatu:

2025-03, Spotify, KE, 1,240, dola 1.4880
2025-03, Spotify, KE, 3,900, dola 0.7020
2025-03, Spotify, DE, 96, dola 0.3552

Mbona Kenya ipo mara mbili? Wa kwanza ni wanaolipia, wa pili ni wa bure. Gawa: 1.4880 kwa 1,240 ni dola 0.0012, 0.7020 kwa 3,900 ni dola 0.00018. Ujerumani, 0.3552 kwa 96, ni dola 0.0037. Ukijumlisha Kenya yote, strimu 5,140 zimeleta dola 2.19, wastani wa 0.000426. Wale wachache wa Ujerumani wamekuingizia sawa na strimu 830 hivi za Kenya.

Fanya hivyo kwa faili zima: jumlisha idadi na mapato kwa nchi na jukwaa, kisha gawa. Baada ya miezi sita utakuwa na wastani wako halisi, na huo ndio wa kupangia bajeti. Kama baada ya makato yote unabakiza wastani wa shilingi 3 za Tanzania kwa strimu, na wimbo pamoja na video vimekugharimu 1,500,000, unahitaji strimu 500,000 kurudisha fedha. Ukiona namba hiyo haifikiki, punguza gharama ya video kabla ya kuirekodi.

Tofautisha mwezi wa mauzo na mwezi wa ripoti. Strimu za Machi huonekana kwa msambazaji Mei au Juni. Namba za Spotify for Artists huja mapema na hazifanani kabisa na za ripoti. Tofauti ya asilimia chache ni ya kawaida, ya asilimia 30 si ya kawaida.

Kisha kuna makato. Kutoka senti 40 za mfano wetu wa mwanzo, strimu 50,000 za wanaolipia ni shilingi 20,000. Msambazaji wa asilimia 15 anachukua 3,000. Zinabaki 17,000. Prodyuza mwenye asilimia 20 ya masta anachukua 3,400, mwalikwa mwenye 15 anachukua 2,550, unabaki na 11,050 kabla ya ada ya kutoa. Ukiona kwenye ripoti strimu zako zimepungua thamani ghafla bila nchi kubadilika, angalia kama ulijiunga na Discovery Mode, mpango wa Spotify wa kuupendekeza wimbo zaidi kwa wasikilizaji: wanakata asilimia 30 ya mrabaha wa rekodi kwa strimu zinazotoka kwenye redio na mapendekezo yao. Kwa wimbo wa zamani uliolala inaweza kufaa. Kwa wimbo unaopaa wenyewe ni kujikata mshahara.

Strimu za kununua

Anayekuahidi strimu 50,000 kwa dola 40 anakuuzia strimu za roboti (bot), programu za kompyuta zinazojifanya wasikilizaji. Spotify hawalipi strimu bandia, na wimbo ukigundulika kuwa na asilimia 90 au zaidi za namna hiyo, hutoza lebo au msambazaji euro 10 kwa kila wimbo kwa mwezi. Msambazaji anakutoza wewe gharama hiyo, na mara nyingi anashusha wimbo. Ukirudia, anafunga akaunti yote, pamoja na nyimbo zako safi.

Wakati mwingine unaingizwa bila kujua, kwenye pleilisti ya mtu anayeficha wateja wake katikati ya wasanii wa kweli. Dalili ziko wazi: strimu zinaruka kutoka 80 hadi 6,000 kwa siku, karibu zote mji mmoja ambao huna shabiki, huku wanaohifadhi wimbo na wanaokufuata wakibaki palepale. Piga picha za skrini siku hiyohiyo, iripoti pleilisti kwa Spotify, mwandikie msambazaji kabla yeye hajakuandikia.

Kuhama msambazaji bila kupoteza strimu

Pakia upya kwa msambazaji mpya ukitumia faili lilelile la sauti, ISRC zilezile, majina yaleyale na tarehe ya kwanza ya kutoka. Subiri nyimbo zionekane na idadi ya strimu iungane, kwa kawaida siku chache, ndipo umwambie wa zamani ashushe. Ukianza kwa kushusha, unapoteza pleilisti zote. Ukiruhusu ISRC mpya, hesabu inaanza sifuri, pamoja na ile ya strimu 1,000. Zima Content ID kwa wa zamani kabla ya kuiwasha kwa mpya, la sivyo wawili watadai video moja na fedha itagandishwa.

Fedha isipoonekana

Subiri miezi mitatu kamili baada ya mwezi wa mauzo. Kisha andika barua pepe moja yenye ISRC, UPC, jukwaa, nchi, mwezi wa mauzo, idadi inayoonyeshwa na Spotify for Artists na idadi iliyo kwenye ripoti. Ambatanisha picha ya skrini na CSV. Ujumbe wa "sijalipwa hela zangu" hurudi na majibu ya mashine. Wenye ISRC na mwezi unafika kwa mtu wa hesabu. Kama ni utunzi, tafuta wimbo wako kwenye hifadhi ya umma ya The MLC, inayosomwa na yeyote bila akaunti, uangalie kama asilimia zinafika 100 na kama rekodi imeunganishwa. Asilimia 60 zenye majina na 40 tupu maana yake prodyuza au mwalikwa hajajisajili. Mtumie kiungo pamoja na ile karatasi ya mgawo, sehemu yake inamsubiri huko.